Treni Bado Iko Njiani

"Baba, chakula kinapoa."

"Treni haijafika."

"Baba, hii ni gemu."

"Najua ni gemu. Mimi si mtoto mchanga." Mzee hakugeuza hata shingo. "Treni nimeikubali mwenyewe jana jioni. Nikienda kula, ikifika nani ataipokea? Wewe?"

Kopi alibaki amesimama katikati ya duka lake na bisibisi mkononi. Duka lenyewe lilikuwa chumba chembamba, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Upande mmoja kulikuwa na simu zilizopasuliwa matumbo. Upande wa pili kompyuta mbili: moja ya kazi, nyingine ya wateja kuonjea gemu kabla hawajatoa flashi zao. Hiyo ya kuonjea ndiyo mzee aliyoikalia tangu asubuhi, kofia yake ya kazi ya zamani imetulia gotini. Kwenye skrini palikuwa na stesheni ndogo ya milimani, taa moja, reli zinazopotelea gizani, na mvua. Ilikuwa ikinyesha tangu jana na haikuonyesha dalili ya kukatika.

Na kosa lilikuwa la Kopi mwenyewe.

Jina hilo alipewa na mtaa, likamganda, hata mkewe alilitumia. Hakuna gemu iliyomshinda kukopi. Gemu ikitoka ng'ambo, kabla haijapoa iko kwenye flashi ya mtu mtaani, kufuli limeshavunjwa, kwa bei ya soda. Kununua? Katika maisha yake yote Kopi hakuwahi kununua gemu hata moja, wala hakuona aibu. Waliozitengeneza walikuwa mbali, na huko mbali, alivyojua yeye, watu walikuwa na hela.

Mzee alianza kuja dukani baada ya Mama kufariki. Nyumba ilikuwa imenyamaza mno. Kila asubuhi alifika, akaketi kwenye kigoda mlangoni, akatazama wapita njia hadi jioni. Ukimsalimu ataitikia, ukimwuliza atajibu, basi. Mtu ambaye miaka yake yote alikuwa stesheni akipokea treni na kuziruhusu, sasa alipokea salamu tu.

Halafu Kopi akawa anaijaribu demo, yaani kionjo cha bure, ya gemu moja ndogo, iliyotengenezwa na mtu mmoja tu peke yake. Unakuwa mlinzi wa stesheni. Unawasha taa, unainua mikono ya ishara, unafagia, unalisha paka. Kopi aliiona ni gemu ya kumlaza mtu usingizi. Alikuwa karibu kuifunga aliposikia sauti kutoka mlangoni.

"Unakosea wewe. Taa kwanza, ishara baadaye."

Kopi akageuka. Baba yake alikuwa amesimama. Tangu msiba hakuwahi kumkosoa mtu.

"Basi njoo uifanye wewe, Baba."

Watu huimaliza demo ile kwa saa moja. Mzee aliitumia wiki nzima, maana alikataa katakata kuiharakisha saa ya gemu. Akaketi akasubiri treni kama inavyosubiriwa treni. Akatengeneza benchi la abiria lililovunjika. Akapanga mapipa. Akampa paka jina la utani alilokuwa akimwita Mama wakati wanapendana ujanani, na Kopi alipoliona limeandikwa juu ya kichwa cha paka, mzee alisema limekuja lenyewe, vidole viliteleza.

Jana jioni kengele ya stesheni ile ikalia. Stesheni ya jirani ilikuwa inaomba njia. Mzee akaangalia reli, akaangalia ishara, akaikubali treni. Hapo skrini ikafifia, ikabaki mvua, na chini yake maneno ya kigeni.

"Wanasemaje?" mzee aliuliza.

Walisema asante kwa kuonja, ukitaka kinachofuata nunua gemu nzima. Kopi aliyasoma, halafu akautazama uso wa baba yake. Ulikuwa umesogea mbele kwenye mwanga, macho makali, kama uso wa mtu aliye kazini. Akakosa roho ya kumwambia kwamba imekwisha.

"Wanasema treni imechelewa kidogo, Baba."

Alidhani mzee atasema haya, tutaona kesho, na kesho angesahau. Fundi wa kompyuta angefanya nini kingine? Lakini ukimwambia mtu wa reli kwamba treni imechelewa, umemfunga kamba kwenye kiti. Jana walimtoa dukani kwa kumbembeleza, na leo Kopi alimkuta ameshamtangulia mlangoni, kofia kichwani, akiuliza kwa nini ufunguo unachelewa.

"Mnamsumbua nini baba yangu?" Mke wa Kopi aliingia kutoka saluni yake ya jirani, chanuo limesimama nywelani, bakuli la chakula mkononi. Alikuwa msusi, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko vidole. "Baba mkwe, shikamoo. Nimekuletea hapahapa."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye una akili. Huyu anataka nitoroke zamu."

"Huyu? Huyu hajui zamu wala zabibu. Kula, mimi nitakuangalizia reli."

Mzee akala, macho hayatoki kwenye skrini. Msusi akamvuta Kopi pembeni.

"Mpaka lini?"

"Sijui. Wateja wanataka kuonja gemu, mashine imekaliwa."

"Mimi siongelei mashine. Leo asubuhi ameninyooshea shati nimpigie pasi. Unaelewa? Ameomba pasi! Ukimwambia treni haipo, atarudi kwenye kile kigoda. Usithubutu."

Ndipo Kopi akakumbuka. Mbona gemu nzima anayo? Imevunjwa kufuli, na watu kadhaa mtaani alishawawekea. Treni iko humo ndani, inangoja tu. Akajicheka kwa kujisumbua bure. Mzee alipokwenda kunawa mikono na kujisaidia, Kopi aliitupa demo kwenye pipa la kompyuta, akaipachika gemu nzima, akaifungua, akakisogeza kiti vizuri.

"Tayari, Baba. Njia imefunguka."

Mzee akaketi. Akatazama. Mvua ilikuwa imekatika na jua linawaka. Benchi la abiria lilikuwa limevunjika mguu. Mapipa yamelala ovyo. Akamtafuta paka, akampata nyuma ya ghala, amekonda, hana jina.

"Hapa ni wapi?"

"Palepale, Baba. Stesheni ileile, ila hii ni gemu nzima. Unaanza tu mwanzo, utaifikia treni."

"Ileile?" Mzee aliinua kidole, akagusa benchi kwenye kioo. "Hili nililitengeneza. Na aliyekuwa zamu hapa ni nani? Nani amenikabidhi?"

"Hakuna wa kukukabidhi. Unabonyeza hapa, unaingia."

"Mimi sijawahi kuingia stesheni kwa kubonyeza."

Ilikuwa kweli. Kopi aliyajua makabidhiano ya baba yake kabla hajajua kusoma. Mtu wa reli hatoki zamu mpaka amwambie anayeingia kilichoko njiani, na anayeingia aseme amepokea. Mzee aliileta desturi hiyo hadi nyumbani. Kila alipokwenda kazini alisimama mlangoni akamkabidhi Mama nyumba: mlango wa nyuma umefungwa, maji yako kwenye pipa, huyu mdogo anakohoa, nimekukabidhi. Na Mama, mikono imejaa sabuni, alijibu: nimepokea, nenda. Hata siku ya mwisho hospitalini, Mama alimshika mkono mzee akamwambia mambo mawili matatu ya nyumbani, kwa mpangilio huohuo. Mzee alijibu alivyotakiwa kujibu. Ndiyo mara ya mwisho Kopi kuyasikia maneno yale.

Sasa mzee alivaa kofia yake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Kopi. Alitembea hadi mlangoni, akakivuta kigoda, akaketi, akatazama barabara.

"Nimeacha treni njiani," alisema polepole, kama anamwambia mtu mwingine.

Kopi akarudi kwenye mashine, jasho linamtoka. Alijaribu ujanja wake wote. Gemu ile ya kuvunjwa haikuwa na njia ya kupokea chochote kutoka kwenye demo. Aliingia kwenye ukurasa wa aliyeitengeneza, akakuta mtu ameshauliza: niliyoyafanya kwenye demo yatapotea? Mwenyewe alikuwa amejibu kwa ufupi: ukinunua, hutapoteza kitu, utaendelea palepale ulipokuwa umesimama.

Ukinunua.

Bei ilikuwa kama kioo kipya cha simu. Siyo hela ya kuua mtu, lakini si hela ya kuchezea, na wiki ile simu za watu zilikuwa haziangukianguki. Kopi aliupandisha ukurasa, akaushusha, akatafuta mahali pa kusema punguza kidogo, bosi. Hapakuwepo. Kulikuwa na kitufe tu. Akakitazama kama mtu anayetazama maji ya baridi asubuhi.

"Vipi, Kopi, mbona umenuna kama umekopwa?" Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara aliingia, gundi imekauka vidoleni, flashi inaning'inia shingoni kwa uzi wa kushonea viatu. "Niwekee ile ya treni. Nasikia hata mzee wako imemteka."

"Subiri."

"Nisubiri nini? Wewe si unaweka kwa kufumba na kufumbua?" Akachungulia skrini. Akatoa macho. "Ee! Hii si sehemu ya kulipia? Kopi! Unanunua? Shemeji, njoo! Shemeji, mumeo anaumwa!"

Msusi akatokea mbio, nyuma yake mteja aliyesukwa nusu kichwa. Akaangalia skrini, akaangalia simu mkononi mwa mumewe, namba ya siri bado haijamalizika.

"Mkono wa birika leo umenyooka," alisema. "Treni zote amedandia bure, leo anakata tiketi."

"Nyamazeni, nitakosea namba."

"Acha uongo, hela inakuuma."

"Inauma, ndiyo! Nani kasema haiumi?"

Wakacheka wote, hata mteja wa nusu kichwa, ambaye hakujua kinachochekwa. Kopi akabonyeza. Simu ikatetemeka, ujumbe ukaingia, hela ikaenda. Na hapohapo roho ikamruka: demo alishaitupa. Kama pipa limejimwaga, amenunua stesheni tupu.

Akalifungua pipa. Ilikuwemo, chini ya takataka za wiki nzima. Akaichomoa taratibu kama anayechomoa kioo bila kukata waya. Akaiunganisha na ile aliyoinunua. Skrini ikawa nyeusi, ikakaa nyeusi muda ambao Kopi aliona ni mrefu kuliko ndoa yake. Kisha mvua ikaanza kusikika.

"Baba," aliita. "Baba, kengele inalia."

Mzee hakuuliza ipi. Alikuja amesimama wima, kofia kichwani, watu wakampisha. Benchi lilikuwa zima. Paka alikuwa amelala chini ya taa na jina lake. Mzee akaketi, akaweka mkono kwenye kipanya kama anayeushika mkono wa ishara. Mbali gizani, penye reli kugeuka, kukatokea nukta ya mwanga.

"Imechelewa," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu anayepata haki ya kulalamika.

Mwanga ukakua. Kichwa cha treni kikatoka mvuani, kinavuta mabehewa yake, madirisha ya manjano yakapita moja baada ya jingine usoni mwa mzee. Dereva akainama nje ya dirisha, amenyoosha pete ya chuma, ile pete ambayo ukishaishika wewe ndipo njia inahesabiwa iko wazi. Mkono wa mzee ukaacha kipanya. Ukanyanyuka wenyewe hewani, vidole vimefunguka, kuelekea kwenye kioo. Ilibidi Msusi ainame amsaidie kubonyeza.

Hakuna aliyecheka.

Abiria waliteremka, mmoja akaketi kwenye benchi kujifunga viatu. Mzee akawatazama mpaka wakaisha. Kisha akanyanyuka, akanyoosha mgongo.

"Njaa imenirudia," alisema. "Nakwenda nyumbani nikale vizuri. Wewe." Alimwelekea Kopi. Akajiweka sawa, miguu pamoja. "Treni iko njia ya pili, haijapewa ruhusa. Taa ya kaskazini inafifia, iangalie mafuta. Paka ameshakula, asikudanganye. Nimekukabidhi."

Kopi alikuwa amesikia maneno hayo utoto mzima, na hata siku moja hayakuwa yake.

"Nimepokea, Baba. Nenda."

Msusi akamshika baba mkwe mkono, wakatoka. Mteja wa nusu kichwa akawafuata akilalamika. Fundi viatu akabaki. Akaivua flashi shingoni, akaiweka mezani, akaisogeza kwa kidole hadi karibu na kiwiko cha Kopi.

"Haya, niwekee basi. Hiyohiyo."

Kopi hakuigusa flashi. Alikuwa ameketi kwenye kiti kilichobaki na joto la baba yake, mwili umeinamia mbele. Treni ilikuwa imesimama njia ya pili ikipumua mvuke, na taa ya kaskazini ilikuwa inafifia kweli. Akaitafuta chupa ya mafuta. Hakujua inakaa wapi.