Mguu wa Choijamts

Mheshimiwa Dugersuren aliingia bungeni kwa mdomo, na kwa mdomo huohuo alitaka arudi. Kampeni yake yote ilikuwa sentensi moja. Kila hema alilokaribishwa, akishakunywa chai ya maziwa yenye chumvi, alinyanyua mkono wa kulia na kunguruma: "Mkono huu ukauke kabla haujashika mkono wa Choijamts!"

Watu walicheka, wakapiga makofi. Choijamts, mpinzani wake, alikuwa amehamahama vyama hata mwenyewe huenda alishasahau yuko wapi, kwa hiyo wa kumtetea hakuwepo.

"Sema na kingine basi, mume wangu," mkewe, Handmaa, alimsihi.

"Kingine cha nini? Husikii makofi?"

Ikaja sikukuu ya kiangazi, kura ikiwa imekaribia. Waandaaji, sijui kwa ujinga au kwa uchokozi, waliwaketisha mahasimu hao benchi moja lililotandikiwa zulia chini. Wakakaa wamepeana visogo. Farasi wa kwanza wa mashindano alipochomoza kwenye vumbi, Dugersuren aliruka kwa furaha na buti zake mpya, akatua juu ya mguu wa Choijamts.

"Aaah!"

Uwanja mzima ukageuka. Farasi walifika bila wa kuwatazama. Kwetu ukimkanyaga mtu mguu, unampa mkono papo hapo. Usipompa, umetangaza uadui, na mtu wa namna hiyo hatumwachii hata mbuzi achunge.

"Sijamkanyaga," Dugersuren alisema. "Nimekanyaga zulia."

"Zulia gani linalia?" akadakia bibi mmoja nyuma yake. "Mpe mkono, we mtu mzima!"

 Choijamts alikaa tu, mguu mbele, uso wa kutia huruma.

Jasho lilimtoka Dugersuren. Akitoa mkono, kampeni imekwisha. Asipoutoa, nani atamchagua mtu asiye na adabu? Akajaribu kunyoosha kiwiko.

"Kiwiko!" Handmaa aliziba uso. "Mungu wangu, unatuaibisha!"

Basi akautoa. Choijamts aliudaka kwa mikono yote miwili, akamvuta karibu, akamnong'oneza: "Mguu huu nimeutega tangu asubuhi, ndugu yangu. Nilishaanza kufa ganzi."

Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Dugersuren, hasira zimemjaa, alikimbilia kipaza sauti kuokoa kilichobaki.

"Ndugu zangu!"

Mkono wa kulia ukapanda wenyewe kwa mazoea. Akaushusha upesi, akauficha nyuma ya joho. Akatafuta neno lingine kichwani, akakuta kweupe. Watu walisubiri kwa heshima zote.

Mfugaji mmoja aliyekuwa juu ya farasi, pale mbele, akamwonea huruma. "Mheshimiwa, hayo ya mkono yamekwisha, na ni vizuri. Sasa tuambie, kisima chetu vipi?"

"Kisima gani?"

Alijuta kabla hajafunga mdomo. Laiti wangemzomea! Walitazamana tu, na bibi yule wa zulia akainamisha kichwa kwa aibu, aibu isiyokuwa yake.

"Kile ulichotuahidi ulipoomba kura mara ya kwanza," mfugaji alimjibu taratibu, kwa upole kabisa, akamgeuza farasi wake na kuondoka.