Wanaobipu Hawapigiwi

Timiro alirithi kwa marehemu mumewe kazi ya kutengeneza jenereta na pampu za visima, na pamoja na kazi akarithi balaa la simu. Kila mwenye kisima kutoka Garissa mpaka mpakani alikuwa na namba yake, na wengi wao hawakuwa na salio. Walimbipu, naye akawapigia. Mtu angeanza na habari za mvua, aende kwa ngamia, apitie kwa watoto na wagonjwa, na hapo ndipo angekumbuka kuwa jenereta haiwaki. Mwezi mmoja Timiro aligundua kuwa maongezi yamekula fedha nyingi kuliko vipuri. Akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika kwenye kipande cha boksi, akakibandika ukutani dukani: WANAOBIPU HAWAPIGIWI.

Mafundi wake wawili nao waliwekewa utaratibu. Ukifika kazini, bipu mara moja. Ukianza safari ya kurudi, bipu mara mbili. Kupiga ni kwa jambo zito tu. Bishar aliukubali bila neno. Abshir aliguna. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, mtu mzima mwenye mke, fundi wa kutambua ugonjwa wa mashine kwa kuisikiliza tu. Aliuona utaratibu ule ni wa kubana mno, ila alimstahi mke wa kaka yake, akaufuata.

Jumatatu moja Abshir alipanda pikipiki kwenda kutengeneza pampu ya kisima kilichokuwa mbali na mji, upande wa Hulugho. Akalala njiani. Jumanne saa mbili asubuhi simu ya Timiro ikalia mara moja, ikakata. Amefika.

Karibu na saa sita, Timiro akiwa anabishana na mteja aliyetaka kurudisha mkanda wa feni, simu ikalia tena na kukata. Alipoitazama aliona namba ngeni. Ikalia mara ya pili, na ya tatu. Mara ya nne mteja mwenyewe akamwambia huenda mtu ana shida. Timiro akamwonyesha maandishi ukutani. Ukaingia ujumbe wa bure, ule wa kuomba kupigiwa. Akailaza simu kifudifudi mezani na kurudi kwenye ubishi wake.

Saa nane ilipita bila Abshir kubipu. Saa tisa ikapita. Timiro akampigia, akaambiwa hapatikani. Akajituliza kwamba kule mtandao huja na kwenda, na kwamba fundi akizama kwenye kazi husahau hata kula. Alifagia duka ambalo alikwisha kulifagia. Alipanga spana kwa ukubwa. Kila baada ya muda mfupi aliitazama simu.

Baada ya swala ya alasiri akaingia Sirad, mke wa Abshir, buibui limejaa vumbi, anahema. Sokoni alikuwa amesikia kuwa kuna chombo kimelipuliwa kwenye barabara ya Hulugho. Wengine walisema ni lori, wengine pikipiki.

"Amebipu?" akauliza.

"Asubuhi. Alifika salama."

"Na baada ya hapo?"

Namba ile ngeni ilimjia Timiro machoni kama imeandikwa kwa moto. Alimwambia Sirad aketi, akampa maji, akaenda nyuma ya duka penye vyuma chakavu. Huko akaipiga namba ile. Mara mbili haikupita. Mara ya tatu ikaita, na sauti ya mzee ikasema haloo.

Alikuwa mfugaji, jina lake Ugas. Alianza kwa salamu, kama adabu inavyotaka, akauliza kama ni wazima nyumbani, na Timiro, aliyejua salio lake halifiki shilingi kumi na tano, akamkata kauli, jambo ambalo maishani mwake hakuwahi kumfanyia mtu wa umri ule.

"Mzee, fundi wangu yuko hapo?"

"Yuko hapa amelala. Mguu wake..."

Simu ikakatika. Timiro akaomba salio la mkopo, akajibiwa kuwa ana deni la zamani. Akasimama katikati ya vyuma vile. Mguu wake umefanya nini? Bado upo? Amelala, au amelazwa?

Akarudi ndani na kumwambia Sirad ukweli nusu: kuna mtu kule aliye na Abshir, na yeye ameishiwa salio. Sirad akamkabidhi simu yake, iliyokuwa na dakika za kutosha.

Safari hii mzee alieleza yote. Haukuwa mlipuko. Abshir aliinua bati lililofunika pampu, nyoka, moma aliyejilaza chini yake, akamuuma juu ya kifundo cha mguu. Aliporuka nyuma, simu yake ikatumbukia kwenye tangi la maji. Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini. Mzee alikuwa na wembe mkononi, anajiandaa kuchanja ili sumu itoke.

"Usimchanje, mzee," Timiro akasema. "Ningojee. Usikate simu."

Akamwachia Sirad ile simu, akakimbilia kibanda cha ng'ambo ya barabara kununua kadi. Kwa haraka akaikwangua vibaya na kufuta tarakimu moja, ikabidi anunue nyingine. Akarudi dukani, akampigia Idil, muuguzi wa kule Hulugho ambaye jenereta ya zahanati yake waliwahi kuitengeneza. Akazilaza simu mbili mezani, mdomo wa hii kwenye sikio la ile, na kwa njia hiyo Idil akazungumza na mzee Ugas: asikate, asifunge kamba, asimpe dawa ya mizizi, amlaze na kuufunga mguu kwenye fito usicheze. Halafu Idil akasema anatafuta gari.

Saa mbili nzima wale wanawake wawili walikaa kando ya simu. Kwa mbali walimsikia Abshir akigumia kwa maumivu. Kelele zilipotulia, Sirad aliuma ncha ya mtandio wake mpaka kelele zikarudi. Jua lilikuwa linazama waliposikia mngurumo wa gari na sauti ya Idil ikitoka kwenye simu ya mzee.

Abshir hakufa. Siku ya nne Timiro alipomtembelea hospitalini, madaktari walikuwa wameshamkata vidole viwili vya mguu. Sirad alikuwa ameketi pembeni ya kitanda. Waliongea mambo madogo madogo, kisha Abshir akamgeukia.

"Shemeji, mzee Ugas alibipu mara nne. Uliziona?"

Timiro alikuwa amelitarajia swali lile usiku na mchana, na jibu alikwisha kulitayarisha: mtandao. Nani angebisha?

"Niliziona," akasema. "Nilidhani ni mteja."

Abshir akautazama mguu wake uliofungwa bandeji.

"Mzee alitaka kuacha baada ya mara ya pili. Mimi ndiye nilimwambia aendelee. Nilimwambia, huyo akiona nyingi atapiga."

Sirad aliinuka, akajifunika vizuri, akatoka nje bila kumtazama yeyote.

Abshir alipopona hakurudi dukani kwa Timiro. Alifungua kibanda chake karibu na soko la mifugo, na Timiro hakuthubutu kumsihi. Siku za Idi hula sinia moja, hutaniana mbele ya wazee, na watoto hawajui kama kulikuwa na jambo. Ila Sirad, akiwa na haja na Timiro, hata iwe ya kuazima ungo, huvuka mji mzima kwa miguu kuja kumwambia uso kwa uso.