Udongo wa Kukaanga

Mzee Usafi alichemsha vifaa vya hospitali mpaka akastaafu, na alipofungua kitalu cha mboga nyuma ya nyumba alihamia na tabia ile ile. Udongo wa miche aliukaanga kwenye karai mpaka ukabadilika rangi. "Hapa kidudu hakiponi," alijigamba. Kweli hakikupona, na miche nayo ilikuwa ikiponea chupuchupu.

Binti yake, aliyekuwa akimsaidia, alichoka kuomba radhi kwa wateja. Siku moja akachanganya udongo wake na mboji, kisha akatia unga wa kuvu kutoka duka la pembejeo.

"Ukungu? Kwenye chakula cha watu?" mzee akaruka.

"Kuvu hawa ni marafiki, baba. Wanashikamana na mizizi, wanaitafutia maji na chakula."

"Kwani mizizi yenyewe imelemaa?"

Wakabishana weee, mwisho wakakubaliana kila mmoja aoteshe nyanya zake. Atakayependewa miche na wateja ndiye atakayeendesha kitalu. Mzee alicheka, lakini moyoni aliogopa kustaafishwa mara ya pili, tena na mwanawe wa kumzaa.

Haukupita muda, miche ya binti ikanenepa shina, majani ya kijani cha kuchokoza. Ya mzee ilidumaa, njano na nyembamba, ukipiga chafya inalala. Basi binti alipokwenda sokoni, mzee akamwibia ndoo ya udongo. Ndani akaona nyuzi nyeupe zimetambaa kila mahali, mwili ukamsisimka. Kuiba alikuwa tayari. Kutia uchafu mbichi kwenye trei zake, hapana. Akawasha moto, akabandika karai.

Binti alirudi akamkuta anageuza kwa mwiko.

"Baba! Umewakaanga kuvu wangu?"

"Nimewasafisha kidogo tu."

"Umewaua! Wao ndio waliokuwa wanafanya kazi!"

Mzee akatazama karai, akatazama miche yake, somo likamwingia. Aibu ikampanda hadi masikioni. "Basi, kitalu chukua wewe," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nitakaa barazani nifukuze nzi."

Binti alicheka mpaka machozi, akampokonya mwiko. "Nani kakwambia ukae? Nataka mtu wa kugeuza mboji kila asubuhi. Mtu mkali, asiye mvivu. Samadi, majani yaliyooza, vyote kwa mkono."

Mzee hakuwahi kusikia kazi chafu kuliko hiyo.

"Naanza lini?" akauliza upesi, binti asije akabadili nia.