Waya wa Bi Mahfudha

Bi Mahfudha hakuweza kuona kitu kinaning'inia akakiacha. Asubuhi ile ya mwaka 2002, alipokuwa akifagia chumba ambamo mjukuu wake Shurooq angewafundisha kompyuta wasichana wa Ibra, mji wa Oman, aliona waya unaning'inia kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote. Akaichomeka ncha yake iliyokuwa huru kwenye tundu tupu la kisanduku hicho, akaridhika.

Alasiri wasichana wakaja. Taa za swichi zikapepesa kama zenye wazimu, kompyuta zote zikaganda. Shurooq akatoka jasho. Lilikuwa darasa lake la kwanza, na mama wa wasichana walishaanza kunong'ona mlangoni.

"Mwanangu," bibi akasema kwa sauti ndogo, "ule waya nimeuchomeka mie."

Shurooq akatazama. Ncha zote mbili zilikuwa kwenye swichi ileile. Akachomoa moja, taa zikatulia.

"Bibi yangu akigawa kahawa," akawaambia wasichana, "hukumbuka kila sauti imetoka wapi, akampelekea mwenyewe. Swichi nayo ni hivyo. Ikiwa haimjui mwenyewe, huwauliza wote. Lakini leo swali lilitoka tundu hili likarudi kwa lile, likazunguka na kuzidi, kama kahawa inayomiminwa na hakuna wa kutikisa finjani kusema basi."

Wasichana wakacheka. Kutikisa finjani walikujua.

"Abla, nani kauchomeka?" mmoja akamuuliza mwalimu wake.

"Kosa langu, niliuacha ukining'inia," Shurooq akajibu.

Bi Mahfudha akaenda kuleta kahawa, machozi yakimlengalenga.