Watoto wa Mama Sindano

Mama yetu alichoma watu sindano maisha yake yote ya kazi, na alikuwa na mkono mwepesi, hilo simnyimi. Hata alipostaafu uuguzi, mtaa uliendelea kumwita Mama Sindano. Shida ilikuwa yetu sisi wanawe. Tulipougua alituchoma mwenyewe, sebuleni, mbele ya majirani walioleta watoto wao, na ilitupasa tuwe mfano. Mtoto wa jirani akilia alipewa biskuti. Sisi tukilia tulikatwa jicho. Mimi nililia hivyohivyo, na nilitaka biskuti pia. Dada yangu hakulia hata mara moja, na mama akawa anamtangaza mtaani kuliko redio.

Dada alikuja kuwa muuza viatu. Kutwa alisimama kwenye vigae, akainama kuwavalisha wateja, akapanda ngazi kushusha maboksi. Vishipa vikamtoka miguuni, vyembamba, vya zambarau, vimetanda kama utando wa buibui, na vibaya zaidi vilikuwa kwenye kifundo, upande wa ndani. Havikumuuma, vilimkera tu. Wateja walimtazama mguu kabla ya kiatu. Akaacha sketi, kisha akaacha kwenda kuogelea na mwanawe.

"Nataka miguu yangu tu," aliniambia. "Siombi mingine."

Alipopata kliniki ya ngozi, mama akasema lazima naye aende, akaone huyo daktari anashikaje sindano. Nami nikaenda kubeba mikoba, maana kwetu kitindamimba ni mpagazi.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alituonyesha sindano, nyembamba kama unywele. Dawa ikiingia kwenye kishipa, alisema, kishipa kinanywea na kufifia polepole.

"Kuwashwa kidogo ni kawaida. Lakini ukisikia moto unashuka mpaka vidoleni, niambie papo hapo. Hapo nitakuwa nimeingia kwenye mshipa unaolisha mguu. Usivumilie. Tumeelewana, dada?"

Dada akaitikia kwa kichwa. Mama akacheka. "Hawa wangu hawana makelele, daktari. Wewe piga kazi."

Daktari akachoma nyuma ya goti, akachoma kwenye shavu la mguu, na mama akasifu kila mara kama refa aliyehongwa. Kisha akafika kwenye kifundo.

Mimi nilikuwa upande wa kichwani. Niliona dada ameng'ang'ania ukingo wa kitanda mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Nikamwinamia, "Dada, vipi?" Alikuwa anamtazama mama.

"Daktari, acha kwanza, anaumia!" nikasema.

"Huyo ndiye mlizi wa nyumba," mama akamwambia daktari. "Msikilize mwenye mguu wake."

Daktari akasita, sindano ikiwa bado ndani. "Unaumia?"

"Kidogo tu," dada akasema.

Daktari akasukuma dawa iliyobaki.

Ngozi ya mguu ilipauka mbele ya macho yetu, kisha ikatoka madoa ya bluu. Daktari aliushika wayo, akaita gari la wagonjwa kwa sauti iliyokatika. Mama alikuwa ameshaelewa. Alikuwa muuguzi, hakuhitaji kuambiwa. Alikaa chini sakafuni, na mimi sikumnyanyua. Nilikuwa na hasira, na ninayo bado.

Hospitali kubwa walijaribu kila dawa ya kufungua mshipa. Vidole vikawa vyeusi. Wakavikata vyote, pamoja na kipande cha wayo.

Baada ya upasuaji, mama alifika wodini kila asubuhi kabla ya wauguzi. Alikunja shuka, alipanga vikombe, alimkagua kila aliyegusa dripu. Siku ya kufungua kidonda alivuta kiti karibu na kitanda, akashika mkono wa dada.

"Jikaze, mwanangu. Niko hapa."

Dada akauchomoa mkono wake taratibu. "Mama, naomba utoke."

"Nitoke niende wapi? Vidonda vingapi nimefunga mimi?"

"Toka nje, mama. Nataka kulia."

Mama alinitazama, akidhani labda nitamtetea. Nikainama nikasogeza kiti chake ili apite. Akatoka.

Muuguzi alipoanza kubandua bandeji, dada alilia. Alilia kwa kelele, bila haya, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani. Na alichoita, kama anavyoita kila mtu akiumia, ni "Mama! Mama wee!"

Kivuli cha mama kilikuwa palepale kwenye kioo cha mlango. Hakuthubutu kuingia.