Programu Inayopiga Magoti

Jovitus alijifunza animesheni kilimani Keza, juu ya jiwe moja ambalo ukilipanda intaneti inashika, ukishuka imepotea. Wiki tatu alisimama pale mchana kutwa akitazama video za mwalimu, mpaka majirani wakamwuliza mama yake, Domisiana, kama kijana ameokoka au amechanganyikiwa. Wala! Alikuwa anajifunza kufanya vitu vitembee kwenye kioo cha simu: picha iteleze, kitufe kichomoze. Masomo yalikuwa tisa. Katika la tisa mwalimu alianza, "Sasa, la muhimu kuliko yote ni kujua mwendo uishe lini," na bando likakata hapo hapo. Jovitus akaona manane yanatosha. Nani anafundishwa kumaliza?

Programu yake ilikuwa ya kumwita Bulugu, bwana mifugo anayekaa Mugoma. Ilikuwa na kitufe kimoja tu. Ukibonyeza, hata pasipo na intaneti, simu ya Bulugu inaita, naye anawasha pikipiki. Ilifanya kazi vizuri, kwa hiyo ikaitiwa kikao.

Mwenyekiti wa wafugaji, Mzee Ndikuriyo, aliibonyeza mara moja, akairudisha mezani kwa vidole viwili.

"Hii haina adabu," alisema. "Unafika kwa mtu, hata hujaketi, unaanza na shida yako?"

Kikao kizima kikaguna kukubali. Na Jovitus angembishia vipi, wakati alikuwa amemchumbia binti yake, Zita? Mahari walikwishaelewana: ndama atakayezaliwa na ng'ombe wa Domisiana, akishaachishwa ziwa tu, anahamia zizi la mzee, na harusi inafuata. Ng'ombe mwenyewe alikuwa huyo huyo mmoja.

Basi Jovitus akaingia kazini. Akachora binti mwenye kitenge: anatokea kushoto, anapiga magoti, anasema shikamoo. Anauliza hali ya watoto, migomba, mvua. Analeta kigoda, kisha kibuyu cha pombe ya ndizi na mrija wake, maana mgeni hakai hivi hivi. Halafu pikipiki inapanda kilima cha kwanza, cha pili na cha tatu, na vumbi lake. Ndipo kitufe kinachomoza. Ukibonyeza, maua yanamwagika kioo kizima: HONGERA! OMBI LAKO LIMEFIKA. Kuruka hatua hata moja hakukuruhusiwa. Mzee Ndikuriyo alisema kumkatisha mtu salamu ni utovu wa nidhamu.

Siku ya uzinduzi watu walipiga makofi mpaka viganja vikauma. Bulugu peke yake aliuliza, "Na ng'ombe aliyezidiwa, naye anasubiri kibuyu?" Wakamwambia yeye ni mtu wa kuja, mila za hapa hazijui. Jovitus naye, ili nyumba ipendeze kwenye picha za uzinduzi, alishika kitambaa akafuta namba ya Bulugu ambayo mama yake aliiandika mlangoni kwa mkaa. Ushamba huo, alisema.

Alhamisi moja saa nne asubuhi, ng'ombe akashikwa na uchungu. Mguu mmoja wa ndama ulitoka, wa pili ukakataa. Simu ya Jovitus ilikuwa senta, dukani, inachajiwa. Akachukua ya mama yake, kisimu chenye kioo kilichopasuka, ambamo aliiweka programu yake bila kuijaribu hata siku moja. Namba ya Bulugu haikuwemo humo; ilikuwa mlangoni, nayo ilishafutwa.

Binti akatokea kushoto. Akaanza kupiga magoti. Akaganda katikati.

"Mbona hashuki?" Domisiana aliuliza, mikono yake tayari imejaa damu.

"Anamalizia, mama."

Jovitus akagusa kioo. Binti akatoweka, akaanza upya: Shikamoo.

"Marahaba!" Domisiana akafoka. "Marahaba, marahaba, mwambie aende! Jovitus, kimbia senta ukapige kwa simu yako!"

"Dakika moja tu, mama. Imeshafika kwenye kigoda."

Miguu alikuwa nayo, tena mizima. Lakini kukimbia kulikuwa ni kukiri kwamba programu imeshindwa. Ikaganda kwenye kigoda. Ikaganda kwenye mvua. Mara ya sita pikipiki ikamaliza kilima cha tatu, kitufe kikachomoza, Jovitus akabonyeza na kuruka juu kwa furaha.

"Imekubali! Mama, imekubali!"

Alipogeuka, ndama alikuwa amelazwa kwenye majani ya migomba. Domisiana alikuwa amemvuta kwa kamba, peke yake. Jike, mzuri, kamili kila kiungo, na hapumui. Kwenye simu maua yalikuwa bado yanamwagika.

"Hayo ni ya msiba?" mama yake aliuliza.

Bulugu alifika upesi, akamwokoa ng'ombe. Kuhusu ndama alisema tu kwamba angeitwa nusu saa mapema angemtoa mzima. Alipoondoka, Domisiana aliokota mkaa, akaandika namba yake mlangoni upya, kubwa kuliko ya kwanza. Jovitus aliona aibu hata ya kumshikia mlango.

Jumapili akaenda Mugoma, nyumbani kwa Mzee Ndikuriyo. Akaamkia, akaitikiwa. Akaulizwa mama, migomba, mvua. Akaletewa kigoda, akaletewa kibuyu. Kibuyu kilifika nusu kabla hajaruhusiwa kusema kilichomleta.

Mzee Ndikuriyo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole kwenye simu ya Jovitus.

"Humo ndani hakuna ndama?"

"Hakuna, baba," Jovitus alisema, na woga ukamwongezea ujinga. "Lakini naweza kumchora."

"Mchore. Atembee vizuri, atikise mkia. Ukimaliza nitumie." Mzee akageukia mlango wa jikoni. "Zita! Njoo usimame hapa mwenzio akupige picha. Mahari yake inakuja kwa simu, na mke atakaa naye humo humo."

Zita alichungulia, akamtazama Jovitus na simu yake, kisha akarudi jikoni kuangalia maharage yake.