Tajiri Ndani ya Kochi

Nyoka wa binti yangu aliniuma kidole gumba, na kuanzia hapo nikawa siwezi kumshika. Tatizo ndilo hilo, sioni haja ya kulizungusha.

Ni chatu mdogo, unene wa mpini wa nyundo, hana sumu. Binti yangu alimwita Tajiri kwa sababu anakula, analala, na kazi nyingine zote anafanyiwa. Alipopata mafunzo ya kazi mji mwingine, chumba alichopewa hakikuruhusu mnyama, basi akaniachia sanduku la kioo, taa ya joto na maelekezo mengi. Nikamwambia, "Mama, nimekulea wewe, nitashindwa na mkanda wenye macho?"

Nilishindwa. Nilimshika panya wake kwa mkono, kisha nikaingiza mkono uleule kumsogeza. Mkono unanuka chakula, naye akala. Aliponiachia, kidole kilikuwa na vitundu kama nimekipiga stepla. Tena stepla inauma zaidi, na katika kazi hii ya kutengeneza makochi nimejipiga nyingi. Lakini stepla haikuangalii kwanza.

Tangu siku hiyo nikawa namhudumia kwa glavu za kuchomelea, nilizoazima kwa jirani yangu fundi wa mageti. Glavu zenyewe nene, ukizivaa hujui umeshika nini. Mke wangu aliniona nikiweka bakuli la maji, mikono mbele, uso nyuma.

"Unamnywesha nyoka au unatoa mkate kwenye tanuri?"

"Niache nifanye kazi."

"Fanya, baba. Si nimekaa naangalia tu."

Binti naye kwenye simu hakunipa nafasi. "Baba, leo umemshika?"

"Nimemshika."

"Kwa mkono?"

"Mkono ulikuwa ndani ya glavu."

"Sasa atakuzoea vipi? Nawa kwa sabuni, mguse mgongoni, kichwa kiache, kisha mwache akupande mwenyewe. Asiposhikwa atakuwa mkali. Nikirudi nikamkuta hivyo, itabidi nimpe mtu mwingine, na sitaki."

Nikasema nimesikia. Kusikia hakuna gharama.

Glavu ndizo zilizoniponza. Asubuhi moja nilisukuma kifuniko cha sanduku nikiwa nimezivaa, nikadhani kimeshika. Hakikushika. Sanduku liko karakana, chumba cha mbele, na katikati ya chumba lilikuwa limekaa kochi la nesi mmoja, limekamilika, kitambaa cha kijani, analifuata mchana. Palibaki pini chache tu za kupiga chini, kwenye kile kitambaa cheusi kinachoficha springi. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, kwenye upenyo wa pale pasipopigwa pini palikuwa na mkia, na mkia ulikuwa unaingia.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye ninayefanya naye kazi. Akainama, akaona, akasimama haraka.

"Maji ya moto, shem."

"Kwenye kochi la mtu?"

"Basi mafuta ya taa."

"Toka nje."

Alitoka, lakini akarudi na fundi wa mageti, na fundi wa mageti alikuwa na kipande cha nondo. "Inua hilo kochi," akasema. "Akitoa kichwa tu, namaliza."

"Huyo ni wa mtoto wangu. Humgusi."

"Haya, mtoe wewe. Nasubiri."

Nikalaza kochi, nikachana kitambaa cheusi chote. Tajiri hayupo. Alikuwa amepanda kwenye mkono wa kochi, nasikia anavyojikwaruza kwenye mbao. Mkono wenye glavu hauwezi kupita katikati ya springi. Nilijaribu mara mbili, mara ya pili glavu ikanasa, nikaiacha humohumo. Watu wawili wananitazama, mmoja ana nondo, na mke wangu amesimama mlangoni na simu kaipiga tayari, kaweka sauti ya nje.

"Baba, umenawa?"

"Nyoka yuko ndani ya kochi la mteja, wewe unaniuliza habari za kunawa."

"Nawa."

Nikanawa. Kwa sabuni, mpaka kwenye kiwiko, kama ninaingia kuzalisha. Kisha nikachukua kisu na kuchana kile kitambaa cha kijani kwenye mkono wa kochi, juu hadi chini. Shemeji akashika kichwa kana kwamba kochi ni lake.

Nikaingiza mkono mtupu. Nilisikia sponji, ubao, halafu kitu kikavu na laini kama ngozi ya mkoba wa zamani. Kikasogea. Kidole gumba kikajikunja chenyewe.

"Usiutoe," mke wangu akasema. "Pumua."

"Napumua."

"Hupumui."

Nikapumua. Ulimi ulinigusa kwenye kifundo cha mkono, mwepesi kama uzi. Niliuacha mkono pale pale. Akaanza kupanda, taratibu, akajizungusha hadi kwenye kiwiko, akakaza. Nikautoa mkono mzima kwenye mwanga, yeye akiwa juu yake, na hakuna aliyeumwa.

"Chukua nondo yako," nikamwambia jirani. "Na glavu, ile moja iko ndani ya kochi, itoe mwenyewe."

Ndipo nesi akaingia. Akatazama kochi, kisha mkono wangu.

"Fundi, kumbe makochi yako unayafanyia upasuaji."

"Nitalivalisha upya."

"Kitambaa analipa nani?"

"Mimi."

"Huyo je, anakuja na kochi?"

"Huyo ana mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa bado kwenye simu. "Baba, umemshika?"

"Amenishika yeye. Hataki kutoka."

"Anafuata joto lako. Mwache kidogo."

Kidogo yake ilimaliza alasiri yote, nikafanya kazi kwa mkono mmoja huku shemeji akinipitishia pini kutoka mbali. Jioni nilimrudisha sandukuni, kwa mkono. Kesho yake nikamshika tena.

Imenigharimu hivi: kitambaa cha kijani mita tatu, kitambaa cheusi chote, siku mbili za kazi isiyo na malipo, glavu moja ya jirani iliyochanika, kidole gumba chenye alama, na mteja ambaye sasa kila akija anapiga kochi kwa mwavuli kabla ya kukaa. Tajiri hakupungukiwa na kitu.